Jiwe Moja kwa Ng'ombe Mmoja

Duka la Dawa za Mifugo,
S.L.P. 31,
Mikumi.

21 Julai, 2002.

Mpendwa Shangazi Ngolo,

Shikamoo, Shangazi. Shikamoo tena, kwa maana nakujua: ya kwanza huwa huipokei mpaka umwone mtu amepiga goti sawasawa. Basi nimepiga, hapa hapa nyuma ya kaunta, na mteja mmoja ananishangaa.

Na goti lako wewe, lile la kushoto, linaendeleaje? Mara ya mwisho kaka Seni aliporudi kutoka huko Malampaka alituambia unakwenda kisimani na fimbo na bado unawatangulia wake za wanao. Tulicheka sana. Lakini ile dawa ya kuchua niliyokutumia uitumie, usiwape majirani wote.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba mzima. Anakohoa kidogo asubuhi, ila ukimgusia habari ya kuacha tumbaku kikohozi kinakatika papo hapo. Mama naye mzima, na mpunga wa Tindiga mwaka huu umekubali. Amejaza vihenge mpaka anatafuta wageni wa kuwalisha.

Barua hii analeta kaka Seni, atapanda treni Kilosa siku ya Alhamisi. Nimempa pia kitambaa kilichofungwa fundo. Tafadhali Shangazi, usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Najua hilo ni sawa na kumwambia mbuzi achunge mahindi, lakini jitahidi. Vaa miwani, kaa kivulini, usome mwenyewe. Elimu ya watu wazima haikukufundisha kusoma bure.

Nina deni la jibu kwako, la miaka mitano.

Utakumbuka ulipokuja Tindiga mwaka 1997, matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa yametoka. Biolojia B, Kemia C, Kiswahili B, na Hisabati F. Nyumbani palikuwa kama pana msiba. Kila mzee aliyepita alinichagulia kazi, na wote walichagua ile ile: cherehani. Mama alikwisha kuuliza mpaka wapi panauzwa chakavu. Mimi sina ugomvi na mafundi cherehani, ila nilitaka kuwauliza wazee wale, mnadhani suruali zenu zinakatwa bila kupimwa?

Wewe peke yako hukusema cherehani. Tulikuwa tunapukuchua mahindi jikoni, ukaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Nikakujibu sijui. Nilikudanganya, Shangazi. Nilijua vizuri kabisa. Nilitaka kuwa bibi mifugo, na chuo cha mifugo hakikuwa kinampokea mtu mwenye F ya Hisabati. Nikaona aibu kukitaja kitu ambacho mlango wake umefungwa.

Ngoja nikueleze chanzo, maana hata baba mwenyewe hakukijua mpaka mwezi uliopita.

Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu aliandika ubaoni: Mzee mmoja ana ng'ombe thelathini na sita, akauza tisa, wamebaki wangapi? Wenzangu wakainamisha vichwa wakaandika. Mimi nikaweka kalamu chini. Wewe unaijua nyumba yetu. Kwetu mtu hamwonyeshei ng'ombe kidole akasema mmoja, wawili, watatu. Ukifanya hivyo umeyaita maradhi yaje yachague. Baba anawajua wake kwa majina na kwa rangi, jioni anawatazama wakiingia na anajua nani hayupo, lakini namba haijawahi kumtoka mdomoni. Basi mimi nikaogopa kumuulia mzee wa watu ng'ombe zake. Mwalimu akaniuliza mbona sijaandika, sikuthubutu kumweleza. Nikachapwa, darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo nikaitwa Sifuri.

Jina likaniganda. Hata swali la maembe au la madaftari likija, naweka kalamu chini. Nikajiaminisha kwamba kichwa changu hakina chumba cha namba.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya ni lile la mwaka 1994, nikiwa kidato cha pili. Josho la serikali lilikuwa limekwisha kukauka, mafundi wameondoka, na kila mfugaji ameambiwa ajinunulie dawa ya kupe mwenyewe dukani. Baba akanituma Kilosa mjini kwa kuwa mimi ndiye msomi. Muuza dawa akaniuliza, "Ng'ombe wangapi?" Nikaanza kumtajia: yuko Mwenye Nyota, yuko Pembe Moja, yuko yule mweupe na wanawe. Akacheka, akakisia, akanipa chupa moja. Nyumbani nikaona wazi kwamba haitoshi. Unajua nilifanya nini? Nikaongeza maji. Niliongeza mpaka ikawatosha wote, kama mama anavyofanya na mchuzi wageni wakizidi. Tuliwanyunyizia zizi zima na baba akanisifu kwamba nimebana matumizi.

Kupe walioga, Shangazi. Hawakufa. Baada ya wiki chache ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikaingia zizini, na wewe ulipata habari za vifo vile. Watu wakasema ni jicho la mtu. Baba akahamisha zizi. Mimi nilisoma maandishi ya kwenye chupa baadaye, nikajua ni nani aliyewaua. Sikumwambia mtu. Ndipo nilipoanza kutaka ile kazi, na ndipo nilipoanza kuiogopa.

Sasa sikia Mungu alivyonitafutia njia, na hakuipitisha shuleni.

Ulipoondoka mwaka ule nilikwenda Ruhembe, msimu wa kukata miwa, nikapata kibarua jikoni kwa Mama Regina. Alikuwa anawapikia wakata miwa. Mama huyu aliishia darasa la nne, mkali kuliko pilipili kichaa, na hajawahi kupika chakula kikabaki au kikapungua. Kila asubuhi anauliza leo wako wangapi, anachota maharage kwa kikombe chake cha bati, basi. Kikombe kimoja watu watatu.

Siku moja yeye hayupo, kikafika kikosi kingine bila taarifa. Nikafanya nilichokijua. Nikaongeza maji. Mama Regina aliporudi akaonja, akanitazama, akasema, "Humu umempikia nani, samaki?" Kisha akachukua mwiko wake akanisomesha mbele ya masufuria: "Ukiongeza maji, ongeza maharage. Ongeza chumvi, ongeza mafuta, kila kitu kwa kipimo kile kile. La sivyo umewapa wote na hujamlisha hata mmoja."

Nilikaa chini nikalia. Yeye alidhani ni moshi. Mimi nilikuwa naiona ile chupa ya dawa ya kupe.

Kesho yake nikaanza kuandika ukutani kwa mkaa. Watu arobaini na wawili, vikombe kumi na vinne. Watu sabini na watano, vikombe ishirini na vitano. Nilipoendelea nikaona hii ni ile ile mada ya uwiano iliyonitoa jasho kidato cha pili, imevua tu sare ya shule. Nilirudi kuitazama ile kazi ya ukutani mara nyingi siku nilipogundua hilo. Nilikuwa nikikokotoa kila asubuhi kwa miezi miwili, na sikuwa nimeuweka mkaa chini hata mara moja.

Mama Regina ndiye aliyenipeleka Kidodi kwa Mwalimu Lupakisyo, mzee wa Kinyakyusa aliyestaafu, ambaye kazi yake sasa ni nyuki na kubishana na redio. Masufuria yakishaoshwa mchana nilikuwa nadandia lori la miwa mpaka kwake. Hakufungua kitabu siku ya kwanza. Aliniuliza ninaogopa nini. Nikamweleza ya ng'ombe, nikitegemea atacheka kama wengine. Hakucheka. Akasema, "Basi ng'ombe tuwaache malishoni, tuanze na maharage." Kila swali lenye mifugo alilifuta akaandika maharage au miwa. Nilikokotoa maharage ya nchi nzima, Shangazi.

Mvua za El Niño zilipokuja zilikata barabara, nikakaa wiki kadhaa bila kumwona. Nilijaza kuta za jiko kwa mkaa. Mama Regina aliniacha, ila alinionya kwamba nikishafaulu nipake chokaa, na nikifeli nipake chokaa na kuta za nje pia.

Novemba 1998 nikafanya mtihani tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja tu. Na usiniambie Mungu hana utani. Nafungua karatasi, swali la nne ni la mfugaji na ng'ombe zake! Nikaweka kalamu chini. Kisha nikamkumbuka Mwalimu Lupakisyo. Nikawageuza ng'ombe wote kuwa maharage, nikawahesabu vizuri, halafu nikawageuza tena kuwa ng'ombe kabla msimamizi hajaniona.

Nilipata C. Nasema C, Shangazi, mimi Sifuri! Mama Regina alicheza na mwiko mkononi mpaka wakata miwa wakaanza kumpigia makofi, na chakula kikachelewa kwa mara ya kwanza katika historia ya Ruhembe. Chokaa nilipaka siku mbili. Ila pembeni mwa dirisha aliniambia niache mstari mmoja: watu sabini na watano, vikombe ishirini na vitano. Upo mpaka leo.

Chuo nilimaliza mwaka jana. Sipendi kujisifu, lakini nisipojisifu kwako nitajisifia wapi? Katika somo la vipimo vya dawa nilikuwa wa pili darasani. Wavulana waliotoka na A zao walikuwa wanakuja kuniuliza, nami nawaambia, "Nyie kwanza niambieni, kikombe kimoja ni watu wangapi?"

Ajira za serikali siku hizi unazijua, ni za kusubiri mpaka mvi. Nikapata kazi hapa Mikumi kwa Daktari Obed, daktari wa mifugo aliyefungua duka lake mwenyewe. Nauza dawa, na siku nyingine natoka kwenda kwa wafugaji. Hakuna mtu anayeondoka kwenye kaunta yangu bila kunieleza kipimo cha maji. Wananiona msumbufu. Wacha wanione.

Sasa mwezi uliopita daktari alinipa kazi kubwa: chanjo ya homa ya mapafu kwa ng'ombe wa upande wa Tindiga. Kichupa kimoja ni cha ng'ombe hamsini. Ukishaichanganya haingoji, ikipigwa jua imekwisha. Kwa hiyo ni lazima ujue mapema kila zizi lina ng'ombe wangapi, ubebe vichupa sawasawa kwenye barafu. Daktari alisema waziwazi kwamba mwaka juzi walimtuma mtu mwingine, akarudi bila idadi hata moja, chanjo ikaharibika. Nikishindwa na mimi, kazi hiyo hatanipa tena.

Wafugaji wenyewe ni watu wetu, Shangazi, waliotoka huko huko kwenu. Nikawapitia mmoja mmoja. Wote wakanipa maziwa, wakanisifu nimekua, na wote wakanijibu neno moja: "Kamwanzie Bundala. Baba yako akihesabiwa, na sisi tutahesabiwa."

Nikaenda kwa baba. Ilikuwa asubuhi, ng'ombe bado wamo zizini. Nilipomweleza ninachotaka, alishusha kiko chake akanitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo.

"Imelda, nimekusomesha ili uje uniue?"

Nikapiga goti pale pale kwenye samadi. Nikamwambia, "Baba, wale waliokufa mwaka ule hawakuuawa na jicho la mtu. Niliwaua mimi. Nilitia maji kwenye dawa kwa sababu niliulizwa wako wangapi, sikujua."

Baba alikwenda akakaa kwenye gogo la mlangoni, amenipa mgongo. Sijawahi kuogopa hivyo, hata mtihani haukuniogofya hivyo. Mama alitoka jikoni, akatuona, akarudi ndani. Niliona afadhali anichape.

Baadaye akauliza, bila kugeuka, "Umekaa nalo miaka yote hiyo?"

Nikasema ndiyo, baba.

"Na mimi nilimnunia jirani yangu miaka yote hiyo," akasema. Yule jirani wa upande wa mto, Shangazi, ambaye mpaka siku ile hawakuwa wakisalimiana.

Hapo nikapata ujasiri. Nikamwambia, baba, sitawagusa ng'ombe zako kwa kidole wala kwa namba. Wewe simama mlangoni, vua kofia yako. Kila anayetoka, wewe mtaje jina kama siku zote, halafu tupia jiwe dogo kwenye kofia. Jiwe moja kwa ng'ombe mmoja. Nitakwenda nyuma ya nyumba nitahesabu mawe. Mawe hayaugui.

Alifikiri sana. Kisha akavua kofia.

Nilikwenda mwenyewe mtoni nikaokota mawe, nikarudi, tukafungua zizi. Shangazi, ungemsikia! Aliwataja mmoja mmoja na nasaba zao, huyu mama yake ni fulani, huyu alizaliwa siku ya gharika, na kila jina jiwe linalia ndani ya kofia mpaka kofia ikawa nzito akaishika kwa mikono miwili. Nikaichukua nyuma ya nyumba. Nilihesabu mara tatu. Idadi sitaiandika hapa, nawe usiniulize, lakini siku ya chanjo vichupa vilitosha, na dozi mbili zilizobaki tulizipeleka kwa yule jirani wa upande wa mto. Baba mwenyewe ndiye aliyezipeleka.

Wiki iliyofuata wazee wote walinijia na kofia. Mmoja alileta sufuria, maana kofia haikumtosha, akaliweka mbele ya wenzake polepole ili walione vizuri. Chanjo imekwisha zizi kwa zizi, hakuna kichupa kilichomwagwa. Daktari Obed amenikabidhi upande wote ule uwe wangu. Na wazee wameniondolea jina la Sifuri, sasa naitwa Bibi Mawe. Nalipenda kuliko lile la ubatizo, usimwambie katekista.

Wasalimie mjomba na watoto wote, msalimie mkamwanao Hildegarda mwambie nguo za mtoto nitamtumia, na wasalimie majirani wote wa stesheni wanaonikumbuka. Mama anasema unga wa mihogo uliomtumia ulikuwa mzuri, baba anasema ulikuwa kidogo. Mungu akulinde, akutulizie hilo goti, akuongezee siku uje utuone tena.

Limebaki moja.

Siku ile ya chanjo, kazi ilipokwisha, baba aliniita kwenye gogo lake. Alitia mkono kwenye kofia, akachagua jiwe moja jeusi, akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole. "Huyu ni Mwenye Nyota wa sasa," akasema, "mjukuu wa yule wa zamani. Ni wako." Nikadhani sijasikia. Unajua kwetu, Shangazi. Mtoto wa kike huleta ng'ombe, hapewi. Wewe ndiye uliyeleta. Yule Mwenye Nyota wa kwanza alikuja kwenye mahari yako, akaenda kwa babu, akaja huku na baba, uzao wake umetulisha sisi sote, na sijawahi kusikia mtu yeyote akikuuliza kama nawe ungependa mmoja.

Uliniuliza ninataka nini. Jibu ni kwamba nilitaka kuwajua wako wangapi ili wasife. Sasa najua.

Wiki iliyopita Mwenye Nyota wangu alizaa. Ni jike, na ana nyota kama ya mama yake. Baba nimemwambia, naye amekubali.

Sasa fungua kitambaa. Humo ndani mna jiwe moja, Shangazi. Usilitupe, ndiye ndama wako.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye na kukuhesabia mema,

Imelda Bundala
(Bibi Mawe)